Sauti ya Pembe ya Nne

Kasha lilikuwa tupu.

Hilo peke yake lisingemshangaza mtu, maana ubavuni pake paliandikwa TUPU kwa wino mwekundu. Lakini Sylvesta, fundi wa kunasa sauti kutoka Dar es Salaam, alipolifungua asubuhi ile ya Jumanne, mwezi Julai mwaka 1976, alipiga ukelele uliowatawanya kuku uani kwa Haji Abbasi.

Inspekta Tluway alifika kwa miguu. Gesti ya Haji haikuwa mbali na kituo cha polisi cha Karatu, na petroli mwaka ule haikuwa ya kuchezea. Inspekta alikuwa mzaliwa wa Ganako, jirani tu na hapo, mrefu, mpole wa maneno, mwenye tabia ya kusikiliza huku amefumba macho. Wahalifu kadhaa walidhani amelala, wakaja kulitambua kosa lao wakiwa gerezani. Nyuma yake alikuja Konstebo Olais, Mmasai wa Loliondo, na daftari lake kwapani.

Chumba kilikuwa nadhifu. Mashine ya kunasa sauti, nzito kuliko gunia la ngano, ilikuwa mezani. Spika nne zilisimama ukutani. Kwenye rafu palikuwa na makasha manane ya tepe.

"Kimeibwa nini?" Tluway aliuliza.

"Utepe mmoja, Afande."

"Na mashine imeachwa?"

"Imeachwa. Hata saa yangu ya mkononi ile pale."

"Basi mwizi wetu hana haja na mali. Huo utepe una nini?"

Sylvesta alikaa kitandani kama mtu aliyefiwa. Akaeleza.

Kwa miezi mitatu alikuwa amezunguka mikoa ya kaskazini akitafuta muziki wa kupeleka kwenye shindano la redio huko Ulaya. Wakubwa wake walimwambia abebe maikrofoni moja, kwaya isimame mbele yake, watazamaji wanyamaze. Siku moja akiwa Endulen aliwakuta akina mama wakiimba, akapita katikati yao, akasimama hapo kinywa wazi. Sauti zilimjia kutoka kila upande. Mmoja mbele anaanza, wa kushoto wanapokea, wa nyuma wananguruma kwa vifua. Akaelewa kwamba wimbo ule hauna mbele wala nyuma, na kwamba ukiunasa kwa maikrofoni moja umenasa robo yake.

"Nikaomba mashine ya njia nne," alisema. "Maikrofoni mbili mbele, mbili nyuma. Ukisikiliza unaweka spika nne, unakaa katikati, na kila sauti inatoka mahali pake ilipotokea. Wakubwa walinicheka. Walisema muziki wa porini hauhitaji anasa hiyo."

"Wa porini," Olais alirudia, akaandika.

Jumamosi alasiri akina mama thelathini na mmoja wa Endulen waliletwa Karatu kwa lori, wakaimba kwenye kiwanja cha mpira. Maikrofoni mbili za nyuma zilifungwa kwenye miti ya goli. Karatu nzima ilikuwapo: Wairaqw, Wamasai, wafanyabiashara wa Kiislamu, wauguzi, mpaka madereva wa watalii waliowaacha wageni wao hotelini. Tluway mwenyewe alikuwapo, amesimama kwenye kona, na nywele zilimsisimka. Alikuwa amezaliwa chini ya milima ya Ngorongoro na hakuwahi kujivunia kuwa mtu wa pale kama alivyojivunia siku hiyo.

"Gari la kwenda Arusha linakuja keshokutwa," Sylvesta alisema. "Utepe usipokuwamo, ndege inaondoka bila sisi. Huo wimbo hautasikika popote, Afande, na wale walionicheka watakuwa wamesema kweli."

Tluway akafumbua macho. "Kwa nini uliuweka katika kasha lililoandikwa TUPU?"

"Mazoea yangu. Niliwahi kuibiwa Dodoma. Tangu hapo utepe wa maana nauficha katika kasha la TUPU. Kwenye kasha lenye jina naweka takataka."

Akaonyesha. Kwenye rafu, mbele kabisa, kulikuwa na kasha lililoandikwa kwa herufi kubwa ENDULEN – SHINDANO. Halikuguswa.

"Nani anayajua mazoea hayo?"

"Hakuna. Hata mke wangu simwambii."

"Mara ya mwisho uliuona lini?"

"Jumapili jioni. Baada ya kuwasikilizisha watu hapo uani."

"Mlango ulikuwa na kufuli?"

Sylvesta aliona haya. "Jana asubuhi nilikwenda kuoga. Kufuli nililiacha wazi."

Olais aliupaka mlango poda ya alama za vidole. Zilikuwa nyingi mno, za wageni wa miaka mitatu na za watoto wa jirani. Akarudisha brashi yake mfukoni.

Mshukiwa wa kwanza hakuhitaji kutafutwa, maana mji mzima ulikuwa ukimtaja. Kurwa, mpiga gitaa wa bendi ya Karatu, alitumbuiza siku ileile ya Jumamosi, lakini wimbo wake haukuchaguliwa. Jumapili, mbele ya watu, alisema utepe huo hautafika Arusha. Aliletwa kabla ya saa tatu, amechana nywele, shati limepigwa pasi.

"Ulisema utepe hautafika," Tluway alianza.

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Nilikasirika. Mtu akikasirika anasema."

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nimelala."

"Shahidi?"

"Sina. Mke yuko kwao Buger."

Tluway alimwongoza hadi kwenye rafu. "Tuseme umeamua kuiba wimbo wa Endulen. Una dakika mbili, fundi yuko bafuni. Utachukua kasha gani?"

Kurwa alimtazama kana kwamba anatukanwa. Akanyoosha kidole kwenye lile lenye jina. "Si limeandikwa? Mimi nimemaliza darasa la nane, Afande. Halafu nikwambie kitu kimoja. Mimi ni mpiga gitaa. Nikitaka kumshinda mtu, nampigia gitaa. Siingii chumbani kwake kumnyang'anya utepe."

"Nenda," Tluway alisema.

"Umeniamini?"

"Nimekiamini kidole chako."

Kurwa alipotoka, Olais alikuna kichwa. "Mkuu, huenda anaigiza."

"Huenda. Lakini fikiri. Mwizi yeyote anayejua kusoma angebeba lile lenye jina akaondoka nalo anachekelea. Huyu wetu alilipita. Alijua ndani yake ni takataka, au herufi hazikumwambia kitu. Kwa vyovyote, aliona kwa macho fundi alipouweka."

Haji Abbasi aliitwa. Mwenye gesti alikuwa mzee mnene wa kofia nyeupe, baba yake alitoka Pangani na bidhaa mgongoni, na yeye mwenyewe hakukubali mtu aseme Karatu ni mji mdogo. Alikuja na sinia la chai, kwa sababu kwake hata polisi ni wageni.

"Ndugu Inspekta, uani kwangu Jumapili pamesikika jambo ambalo halijasikika Arusha nzima," alisema kabla hajaulizwa. "Spika nne, kila pembe moja. Tukakaa katikati kwenye mkeka. Wallahi nilidhani wale akina mama wamerudi, wamepanda ukutani kwangu."

"Mlikuwa nani na nani?"

"Mimi, Kurwa, fundi, na wawili waliobaki wa Endulen. Yule binti mwimbaji, Seenoi, na mama yake, Namelok. Wenzao waliondoka na lori Jumamosi. Hawa fundi aliwazuia wausikilize kwanza."

"Waliondoka lini?"

"Jana saa mbili asubuhi, kwa Landrova ya misheni."

"Fundi alipokuwa anaoga."

Haji aliweka kikombe chini. "Saa hizo, ndiyo."

"Nieleze mlivyosikiliza. Usiache kitu."

"Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, raha tupu. Wa nne ndio uliotutoa machozi. Seenoi anaimba mbele, anapanda, anapanda. Halafu ghafla sauti ileile ikatokea nyuma! Pembe ya kulia, huko mlangoni pa stoo. Sote tukageuza shingo."

"Sote?"

Haji alifikiri. Alikuwa mtu wa kelele, lakini mwenye gesti hujifunza kuangalia watu. "Hapana. Binti hakugeuka. Aliinamisha uso."

"Na mama yake?"

"Yule mama hakutazama spika hata moja. Alikuwa anamtazama fundi mikono. Tangu hapo hadi mwisho, mpaka fundi alipokuwa anapanga makasha yake. Nikadhani anashangaa mashine."

"Baada ya muziki?"

"Fundi alitoa fomu ya shindano, akamuuliza binti jina lake kamili, akaandika. Tukala pilau."

Tluway alifumba macho kwa muda mrefu, hata Haji akaanza kumimina chai ya pili. Kisha akamgeukia Sylvesta. "Ile sauti iliyohama. Ni ufundi wako?"

"Hapana. Mimi sihamishi sauti. Kila maikrofoni inanasa pembe yake. Kwenye ubeti wa tatu vumbi lilimkaba Seenoi, pumzi ikakata, na mtu wa nyuma akaudaka wimbo. Karibu na mti wa kulia wa goli. Kwenye redio ya kawaida huwezi kujua, sauti zao zinafanana. Kwenye spika nne unaweza kunyoosha kidole."

"Wewe hukuona ni kosa?"

"Kosa? Ndiyo sehemu nzuri kuliko zote! Ndiyo maana niliuchagua."

"Ulimwambia hivyo?"

"Sikumwambia."

"Mkuu," Olais alisema polepole. "Jumamosi nililinda upande wa mti wa kulia wa goli. Namelok alisimama pale, kati ya wale wa kuitikia."

Hakukuwa na haja ya maneno zaidi. Tluway aliomba petroli kwa mkuu wa kituo kwa sauti ambayo haikuacha nafasi ya kunyimwa. Sylvesta akagoma kuiacha mashine yake chumbani, akaipakia pamoja na spika zake nne na jenereta ndogo aliyozoea kusafiri nayo. Saa nne asubuhi Landrova ya polisi ilipita lango la Lodoare, ikapanda ndani ya ukungu wa ukingo wa bonde la Ngorongoro, ikashuka upande wa pili kwenye nyasi kavu na jua. Walipofika Endulen ilikuwa alasiri na wote walikuwa rangi moja ya vumbi.

Namelok alikuwa anapaka ukuta wa nyumba yake kinyesi cha ng'ombe. Alipoona kofia za polisi hakuacha kazi mpaka alipomaliza sehemu aliyoianza.

"Takwenya, yeyo," Olais alimwamkia.

"Iko."

Akanawa mikono, akawaonyesha vigoda. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, shanga zimemfunika shingo yote. Seenoi alitoka nyumba ya pili. Aliposikia utepe ukitajwa, alisimama mbele ya mama yake.

"Nimeuchukua mimi," alisema kwa Kiswahili safi cha shule. "Mama hajui lolote."

"Wewe?" Tluway alimtazama. "Uliuchukua vipi?"

"Jana asubuhi. Fundi alikuwa bafuni. Niliingia nikachukua kasha."

"Yalikuwa manane. Ulijuaje ndilo?"

"Ninajua kusoma. Nilisoma jina, ENDULEN, nikalichukua."

Sylvesta alitaka kusema, Tluway akamzuia kwa mkono.

"Binti yangu, kasha la Endulen liko Karatu, halijaguswa. Utepe haukuwamo humo. Umesema uongo mzuri, wa mtu mwenye moyo, lakini ni uongo."

Nyuma ya Seenoi, Namelok alisema neno moja la Kimaa, na binti akasogea pembeni.

"Mimi," Namelok alisema. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, akakitumia chote. "Mimi hapana soma. Mimi naangalia mkono ya fundi. Iko weka hapa, mimi naona. Asubuhi nachukua. Hii mtoto anajisumbua bure."

Mengine aliyasema kwa Kimaa, na Olais akayatafsiri neno kwa neno, amesimama wima kama yuko mahakamani.

"Anauliza kama utamfunga pingu hapa au ndani ya gari."

"Mwambie kwanza nataka kujua sababu. Najua alimwokoa binti yake pumzi ilipokata. Kwenu hiyo ni aibu?"

Olais alikaribia kucheka. Hakungoja kumuuliza mama. "Kwetu? Hapana, mkuu. Anayeongoza akichoka, mwingine anapokea. Ndivyo wimbo unavyokwenda. Hakuna anayehesabu."

Lakini Namelok alikuwa ameelewa swali, akajibu mwenyewe, na sasa sauti yake ilipanda.

"Anasema: kwetu si aibu. Lakini utepe hauendi kwetu. Unakwenda kwa watu wanaoandika jina moja kwenye karatasi. Aliona fundi akiandika Seenoi, Seenoi peke yake. Watu wa huko watakaa katikati ya masanduku manne. Watasikia Seenoi yuko mbele. Kisha watasikia mwingine yuko nyuma. Watasema, huyu mliyemwandika si yeye anayeimba. Ni mwongo. Binti yake ataitwa mwizi wa sauti katika nchi ambayo hana hata mtu wa kumtetea."

Olais akamalizia. "Anasema: nikaona afadhali mwizi niwe mimi."

Sylvesta alikuwa ameshika kichwa.

"Fomu ina mstari mmoja tu," alisema. "Wameandika, jina la mwimbaji. Nikajaza. Sikufikiri. Nimezunguka miezi mitatu nikisema wimbo huu hauwezi kuingia kwenye maikrofoni moja, halafu nikauingiza kwenye mstari mmoja!"

"Utepe uko wapi?" Tluway aliuliza kwa upole. "Umeuchoma?"

Namelok aliingia ndani akainama. Alirudi na utepe umefungwa kwa ngozi ya ndama.

"Alitaka kuutia motoni jana," Olais alitafsiri. "Alishindwa. Anasema humo ndani mna wenzake thelathini, na mtu hachomi wenzake."

Tluway alikipokea kielelezo kile kwa mikono miwili. Sheria aliijua vizuri. Alimtazama mlalamikaji.

"Fundi, hii kesi ni yako. Unashtaki?"

"Nishtaki nini, Afande? Anayestahili kushtakiwa ni mimi."

"Basi nitaandika kwamba mali imepatikana, na mlalamikaji ameridhika. Lakini hatuondoki bado. Washa mashine yako. Jumapili huyu mama alikuwa anatazama mikono. Hajasikia kitu."

Jenereta iliwekwa mbali, nje ya boma, ili ngurumo yake isiharibu muziki. Spika zikapangwa pembe nne za uwanja, na Namelok na binti yake wakakalishwa katikati. Wanawake wa maboma ya jirani walikuja, wakasimama pande zote. Sylvesta akafungulia wimbo wa nne.

Seenoi alisikika mbele, akipanda. Kwenye ubeti wa tatu pumzi ikakata, na kabla mtu hajashtuka Namelok akatokea nyuma, kulia, sauti nene na tulivu, akaubeba wimbo bila kuupunguza mwendo. Wanawake waliosimama hawakuweza kuvumilia. Wakaitikia, wa kushoto kwanza, kisha wa nyuma, mpaka haikujulikana tena nani yuko kwenye utepe na nani yuko Endulen. Tluway aliona machozi yanamtoka na hakuyafuta. Alikuwa Mwiraqw, hakuelewa hata neno moja la wimbo ule, na aliona fahari kana kwamba ni mama yake anayeimba.

Ulipokwisha, Seenoi alimgeukia mama yake. "Yeyo, hapo ulinishinda."

Namelok akamjibu kwa Kiswahili, wote wasikie. "Mimi nakuzaa wewe. Wewe nataka mimi nashindwa?"

Boma zima likacheka, na Seenoi akacheka kuliko wote.

Sylvesta alitoa fomu mkobani. Akaukata ule mstari mmoja kwa kalamu, akageuza karatasi upande wa nyuma ambao haukuwa na kitu, akampa Seenoi. "Andika wewe. Wote. Kama hawataki majina thelathini na moja, wanirudishie utepe wangu."

Seenoi aliweka karatasi juu ya spika moja akaanza kuandika. Wanawake wakawa wanataja majina yao mmoja mmoja, kwa sauti, wengine mara mbili ili asikosee. Alikuwa ameanza na jina la mama yake, juu kabisa. Namelok akauliza ni nani yuko wa kwanza. Alipoambiwa, akatikisa kichwa, akasema jambo kwa Kimaa, taratibu, akiwa ameweka mkono begani kwa binti yake.

Inspekta akamtazama Olais.

"Anasema aandikwe nyuma ya binti yake," Olais akatafsiri, na safari hii sauti yake haikuwa ya mahakamani. "Anasema alikuwa nyuma, na huko nyuma ndiko alikomshika."